Kijiko ni Fedha

Jana binti yangu karudi kutoka shule kanyeshewa, sare yote chaki. Nilipoilowesha kwenye beseni ile harufu ikanikamata, nikabaki nimesimama na sabuni mkononi. Chaki mbichi. Kwangu mimi hiyo si harufu ya darasani. Ni ya Saint-Ouen, kwenye soko la vitu vya kale nje kidogo ya Paris, Jumapili asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Kuna mwaka niliishi huko kwa kibarua. Mzee aliyenipa kibarua aliuza vyombo vya fedha, nami niliving'arisha kwa blanc de Meudon, yaani unga wa chaki uliokorogwa na maji.

Siku hiyo nilipewa seti ya safari: kijiko, uma, kisu na kikombe ndani ya kasha la ngozi, kila kimoja na kitanda chake cha mahameli. Wakubwa wa zamani walisafiri na vijiko vyao. Chakula cha nyumba ya wageni walikila, kijiko cha wageni hawakutia mdomoni. (Marehemu bibi yangu angewaelewa kabisa.)

Uma ulikuwa unacheza kitandani mwake. Nikachukua kioo cha kukuzia.

Nikaanza na kijiko. Minerva huyo, mungu wa kike wa Warumi wa kale, na kofia yake ya vita, kichwa kidogo kuliko punje ya mtama. Muhuri huo wa serikali ulianza kugongwa mwaka 1838, na tarakimu 1 iliyo mbele ya uso wake husema kwamba katika sehemu 1,000, 950 ni fedha. Pembeni, chapa ya fundi ndani ya uru, uru hii hii ya karata. Nikageuza uma. Wafaransa huchora herufi za jina mgongoni, maana mezani uma waliulaza kifudifudi. Herufi zilikuwepo, zilezile za kwenye kijiko. Minerva hayupo. Na chapa ya fundi imekaa ndani ya mraba.

Mraba ni wa vitu vya kuchovya, yaani madini mengine yaliyopakwa fedha juu juu. Mtu alipoteza uma wake safarini, akatengenezewa wa bei nafuu, akauchoresha jina.

Nikamwonyesha mzee. Akautazama, akaupangusa kwa kidole gumba, akaulaza tena kitandani.

"Endelea kung'arisha, kijana."

Mteja alikuwa mama mmoja mwenye skafu ya kijani. Mzee akamsimulia habari za Biennais, fundi wa visanduku wa mtaa wa Saint-Honoré aliyeishia kumtengenezea Napoleon makasha ya safari. "Huu ni mtindo wake." Mtindo, sawa. Biennais mwenyewe alishaacha kazi kabla Minerva hajaanza kugongwa.

Mama akanigeukia mimi. "C'est de l'argent?" Yaani, hii ni fedha? Kwao, kama kwetu, neno ni moja, fedha ya mgodini na ya mfukoni. Mkononi nilikuwa na kijiko.

"Kijiko hiki, mama, ni fedha."

Sikusema uongo. Hata jana, juu ya beseni, nilijiambia hivyo. Ila alipokuwa anahesabu noti aliuinua ule uma, akaupima uzito kiganjani, akanitazama. Kuna siku nadhani alijua. Siku nyingine nadhani nataka tu awe alijua.

Jioni mzee aliniongezea euro 20. Nikazipokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa.