Tupa ya fundi baiskeli

Leo asubuhi nimekokota baiskeli ya marehemu babu, BSA, hadi kwa fundi baiskeli pale chini ya mwembe. Pini inayoshika mkono wa pedeli ilikuwa imelika, na mpya niliyonunua dukani haikutaka kuingia. Fundi hakushangaa. Alichukua tupa, akaikwangua pini, akaijaribu, akaikwangua tena.

"Spea za siku hizi mwanangu, lazima uzibembeleze."

Huku nikisubiri nikaitazama nembo: bunduki tatu zimeegemezana. Utotoni nilidhani ni pambo tu. Kumbe kampuni ile iliundwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa Birmingham, baada ya serikali ya Uingereza kuleta mashine za Kimarekani za kutengenezea bunduki kiwandani kwake Enfield. Baiskeli zilikuja baadaye.

Zamani gumegume, bunduki ya askari, ilikuwa kama pini yangu. Kila mtambo wa kufyatulia ulipigwa tupa mpaka uoane na bunduki yake, hiyo tu. Kamani, ile springi ya mtambo, ikikatika vitani, ya mwenzako haikufai. Mwaka 1785, huko Ufaransa, fundi bunduki Honoré Blanc alimwekea Thomas Jefferson, mjumbe wa Marekani huko, vipande vya mitambo 50 vilivyofunguliwa. Jefferson akawa anaokota chochote kilichomjia mkononi, anaunga, na vinakaa.

Huko Marekani sifa za vipande vinavyobadilishana hivyo alikuja kuzibeba mtengenezaji Eli Whitney. Mwaka 1798 aliahidi bunduki 10,000 katika miaka miwili. Akamaliza 1809, na zilizobaki hadi leo zimeonyesha kwamba vipande vyake havibadilishani. Maneno yalimtoka laini kuliko vyuma. Mimi namvulia kofia John Hall wa Harpers Ferry, kiwanda cha silaha cha serikali ya Marekani, ambaye watu hawamtaji. Yeye alitengeneza vipimo vya chuma 63 kwa ajili ya bunduki moja. Kipande kisipokubaliana na kipimo chake, hakipokelewi, hata kama aliyekichonga ni bingwa. Wakaguzi walipozifungua bunduki zake na kuchanganya vipande, viliungana upya bila tupa.

Hapo ndipo ninaposita. Mashine naielewa, kinachonishangaza ni kile kipimo, kipande cha chuma kinachomwambia fundi mzee kwamba jicho lake halihitajiki tena.

"Mzee, wewe unapimaje?" nikamwuliza.

Akapitisha kidole gumba juu ya pini, taratibu, akaigonga kwa nyundo. Ikaingia.