Ghala, duka, jarida na hazina

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Italia, msimamizi aliniambia nikamngoje "magazzino". Kiitaliano changu kilikuwa cha miezi miwili tu. Nikasikia "magazine" ya Kiingereza tuliyosoma shuleni Mombasa, nikaenda zangu chumba cha kupumzikia, kwenye meza yenye majarida, nikakaa. Aliponipata ilikuwa imepita nusu saa, na uso umemwiva. Kumbe magazzino ni ghala.

Neno likanikaa kichwani. Kila niliyemuuliza pale kazini alikuwa na lake. Wa kutoka Moldova akasema kwao magazin ni duka, na kwa Kirusi ni vivyo hivyo. Mfaransa naye akisema magasin anakusudia duka, ilhali magazijn ya Mholanzi ni ghala. Mhispania huita ghala almacén, na hapo ndipo asili inapochungulia, maana ile "al" ni ya Kiarabu. Mwenzetu wa Morocco alichukua kalamu ya wino mzito akaandika ubavuni mwa boksi herufi tatu za Kiarabu, mzizi wa neno: kha, zai, nun. Makhzan, mahali pa kuwekea mali. Wingi wake makhazin. Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati walilibeba neno pamoja na shehena zao. Kwao Morocco, akaniambia, dola ya mfalme yenyewe huitwa Makhzen.

Waingereza nao walianzia kwenye ghala, hasa la silaha na baruti, ndiyo sababu bunduki ina magazini mpaka leo. Kisha mwaka 1731, Edward Cave akaanza kuchapisha The Gentleman's Magazine jijini London, yaani ghala la maandishi, na jina likayaenea majarida mengine.

Lakini mimi macho yangu yalibaki kwenye boksi. Kha, zai, nun. Hizo tunazo pwani tangu zamani: hazina. Na anayeitunza ni mhazini.

Mama yangu ni mhazini wa chama cha kina mama Likoni. Ana kisanduku cha bati chenye kufuli, na daftari ambalo kila jina lina ukurasa wake, hata la mtu aliyekwisha hama. Jumapili nikampigia.

"Shikamoo, Mama. Kazi yangu na yako zimezaliwa na neno moja."

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Marahaba, mwanangu. Na hapo ghalani, ufunguo anashika nani?"

"Mimi, Mama. Tangu Machi."