Neno moja lililonichukua siku nne

Jana usiku nilimwomba msamaha mdogo wangu. Tulikuwa tumebishana juu ya jambo dogo la nyumbani, na hata nilipotambua kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, nilinyamaza. Nilijiambia mimi ni mkubwa, atasahau tu. Siku nne zikapita.

Kinachoniuma ni kwamba siku zote hizo nilikuwa nasali kama kawaida. Tena nilikuwa nasoma Yohana 13, pale Yesu anapovua vazi lake, anajifunga kitambaa kiunoni na kuwaosha wanafunzi wake miguu. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, lakini safari hii nilikwama kwenye jambo moja: Yuda alikuwa bado yumo. Alitoka baadaye. Yesu alikwisha kumjua atakayemsaliti, na bado akainama na kumwosha miguu pamoja na wenzake. Mimi nilikuwa nimeshindwa kumtamkia neno moja mtu ambaye hakunikosea chochote.

Nikamfuata chumbani kwake. Nilianza, "Nisamehe, lakini na wewe..." nikajikatiza. Ile "lakini" ndiyo kiburi chenyewe, na nadhani wengi wetu tunaifahamu. Nikaanza upya: "Nilikosea. Naomba unisamehe." Nikaishia hapo, ingawa maneno ya kujitetea yalikuwa yamejaa mdomoni.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa nangoja tu uniambie."

Leo asubuhi tumesali pamoja, kwa mara ya kwanza wiki hii.