Wewe ni mrefu na unatafuta fremu ya daunihili? Wachana kwanza na maneno ya siti

Watu warefu tukiuliza mambo ya baiskeli tunapewa dawa moja tu, inua siti. Fundi atakwambia inua siti, jamaa wa kwa grupu ya WhatsApp atakwambia inua siti, hata shosho akiona magoti yako yanakaribia kidevu atasema si uinue hiyo siti mjukuu wangu. Na kwa blakmamba ni kweli kabisa, ile unakalia kutoka nyumbani mpaka soko na ukirudi unabeba gunia. Sasa daunihili, baiskeli ya kushuka mlima kwa kasi, ukishaanza kuteremka huko Menengai hapa Nakuru siti huigusi, uko juu ya pedali, magoti yamekunjwa kidogo, viwiko viko nje, na siti iko chini kabisa hata umesahau iko. Kwa hivyo saizi ya hiyo fremu inapimwa mtu akiwa amesimama, na hapa ndio warefu wengi wanauziwa vitu haviwatoshi.

Zile namba za kitambo, inchi 19, 20, 21 na nusu, ni urefu wa paipu ya siti tu, kutoka kwa krenki, pale mikono ya pedali inashikana na fremu, mpaka pale siti inaingilia. Kwa daunihili hiyo paipu inafanywa fupi makusudi ndio upate nafasi ya kurudi nyuma kwa mteremko mkali, na kati ya M na XL tofauti ya hapo inaweza kuwa ndogo sana. So muuzaji akiandika ati inchi 20 inafaa mtu mrefu, bado hajakwambia kitu. Herufi nazo ziko na maneno yake, L ya kampuni moja ni XL ya ingine, na L ya 2010 na L ya siku hizi zinaweza kuachana hata sentimita tano kwa urefu wa mbele. Specialized kwa baiskeli zao nyingi za mlimani waliacha herufi wakaanza kuandika S1 mpaka S6, yaani chagua vile unataka fremu iwe ndefu na si vile miguu yako iko mirefu, hapo mi nawapa maksi.

Namba za kutafuta ni mbili, richi (reach) na staki (stack). Richi ni umbali wa kwenda mbele, chora laini ya wima kutoka katikati ya krenki kwenda juu, halafu pima kwa usawa mpaka katikati ya shingo ya fremu, ile paipu fupi inashikilia foku, yaani uma wa tairi ya mbele, pale juu. Staki ni kimo, kutoka usawa wa hiyo krenki mpaka juu ya hiyo shingo. Ukisimama kwa pedali, richi ndio inaamua kama kifua kiko na nafasi ama umebanwa, na staki inaamua kama mgongo umetulia ama umeinama kama mtu ameangusha shilingi.

Baiskeli mpya hizo namba ziko kwa chati ya kampuni, unasoma tu. Shida ni kwamba wengi wetu tunanunua mtumba, ex-UK imetolewa stika zote ikapakwa rangi nyeusi na hata modeli hujui. Usijali, inapimwa. Mi hupima kwa kibanda cha fundi mmoja hapa Bondeni, mzee wa zamani sana, na mara ya kwanza nilimwambia, "Mzee, niazime hiyo pimamaji yako," akaniangalia juu chini. "Unajenga nyumba ama unanunua baiskeli?"

Unatafuta sakafu iko sawa, ndio maana ya pimamaji. Tairi ya mbele unaisukuma mpaka iguse ukuta, baiskeli imesimama wima, mtu akushikie. Unapima kutoka ukuta mpaka katikati ya krenki. Halafu unapima kutoka ukuta mpaka katikati ya shingo pale juu kabisa, hapa ukiwa na uzi na nati ya kuvuta chini itakusaidia kuangusha laini mpaka sakafuni. Toa moja kwa ingine, hiyo ndio richi. Staki ni hivyo hivyo lakini kutoka sakafuni, kimo cha shingo utoe kimo cha krenki. Ile tulipima siku hiyo ilikuwa ya tairi za inchi 26, krenki ikawa sentimita 109 na nusu kutoka ukuta, shingo 68. Kwa hivyo richi ni 41 na nusu, milimita 415, na muuzaji alikuwa ameapa ni ya mtu mrefu. Nikamwambia mzee hii ni fupi. Akafikiria kidogo akasema, "Basi si uinue siti."

Ukiniuliza ni richi ngapi, haya ni maoni yangu kwa daunihili pekee. Mtu wa sentimita 183 hivi, yaani futi sita, mi ningeangalia 465 mpaka 485. Ukifika 190 anza 490 mpaka 510. Ukipita 195 tafuta 510 kwenda juu, na hapo utakuwa umebaki na XL za miaka ya karibuni tu, za zamani sahau. Anayependa kuruka na kuchezacheza ashuke kidogo, anayependa spidi apande. Ukiwa katikati ya saizi mbili na wewe ni mrefu, chukua kubwa. Fremu fupi inakuweka juu ya tairi ya mbele, na mtu mrefu uzito wake uko juu, so jiwe dogo tu likishika hiyo tairi wewe unaendelea na safari bila baiskeli.

Kuna watu bado wanaamini warefu hawawezi hii mchezo. Greg Minnaar wa Afrika Kusini ni sentimita 190 na amekuwa bingwa wa dunia mara nne, 2003, 2012, 2013 na 2021, na ile ya 2013 alishinda nyumbani kwao Pietermaritzburg tairi ikiwa imepasuka karibu na mwisho. Santa Cruz, kampuni ya baiskeli aliyokuwa anaendesha, ilibidi wamtengenezee V10, daunihili yao, ndefu kuliko zenye walikuwa wanauza. Halafu 2017 timu yao ikatokea kwa mashindano ya Lourdes, Ufaransa, na tairi za 29, watu wakapiga kelele, na muda mfupi baadaye Minnaar akashinda Fort William, Scotland, na hizo hizo. Kwa mrefu tairi ya 29 ni rafiki, mbele inapanda juu ya mawe, na nyuma sisi tuko na miguu mirefu so haitugongi makalio ukirudi nyuma vile inagonga wafupi. Wafupi wengi sasa wanaweka 29 mbele na 27.5 nyuma, waachie hiyo, ingawa kama njia zako ni za kona kali tupu pia mrefu anaweza kuifurahia.

Staki ndio watu wanapuuza na kwangu ina shida kubwa kuliko richi. Unapata fremu richi safi 495 lakini shingo ni fupi, hendobari iko chini, na wewe na hii mikono yote bado unainama. Mteremko ukikaza uzito wote unaenda kwa viganja, mikono inachoka kabla hujafika nusu ya njia, na breki unazivuta na kidole kimeshalala. Wengi wanarekebisha kwa kuongeza spesa, zile pete, chini ya stemu inayoshika hendobari, sawa, lakini shingo ya daunihili imelala kama digrii 63, so kila milimita 10 ya spesa inakurudisha nyuma kama milimita 4 na nusu. Weka spesa za milimita 20 na umekula karibu sentimita moja ya richi yenye ulilipia. Heri hendobari iliyopanda, ya milimita 40 ama 50, ile inainuka na haikurudishi vile. Na kwa foku ya taji mbili, ile mirija yake imeshikwa juu na chini ya shingo, ukishusha taji kwa mirija mbele inashuka, na usishushe mpaka upite alama ya kampuni, foku ikizama yote tairi inaweza kugusa taji la chini, na hiyo hutapata nafasi ya kuisimulia.

Upande wa nyuma nao. Kampuni zingine zinafanya fremu ya XL kwa kurefusha mbele tu, nyuma wanaacha ile ile ya M. Sasa wewe mrefu unajikuta umekaa juu ya tairi ya nyuma, mbele ni nyepesi, na kwa ile vumbi ya Menengai, ile laini ya majivu ya volkeno juu ya njia za ng'ombe katikati ya leleshwa, tairi ya mbele ikiwa nyepesi haishiki kona, inateleza tu ikienda moja kwa moja. Pima kutoka katikati ya krenki mpaka ekseli ya nyuma. Kwa XL mi napenda milimita 445 mpaka 460. Chini ya 435 na mbele ndefu sana, hapana, labda kama unajua kujilazimisha kuegemea mbele kila kona.

Kabla hujasema fremu ni fupi ama ndefu angalia springi kwanza. Daunihili nyingi za mtumba zilikuwa za Mzungu wa kilo 70, wewe uko 95 na mkoba na maji. Ukikalia tu shoki ya nyuma imezama nusu, baiskeli inalala nyuma, hendobari inakuja kifuani na unaona ni kama imekuwa ndogo. Simama kwa pedali na vazi lako lote, shoki izame kama asilimia 30. Shoki inayosafiri milimita 75 inafaa izame kama 22 na kitu, funga uzi ama zipu tai ndogo pale kwa mrija upime. Ikizidi tafuta springi ya namba ya juu, imeandikwa pale ubavuni, 400, 450, 500.

Krenki wacha za milimita 165, mambo ya mguu mrefu krenki ndefu ni ya barabara, hapa utagonga mawe bure. Hendobari ya milimita 800, ukiona ni pana unakata, ukikata huunganishi.

Kitu kingine cha kwetu huku ni kwamba hakuna lifti ya kukupandisha. Nakuru mjini uko kama mita 1850, ukingo wa Menengai unafika 2278, na baiskeli ya daunihili ni kilo 16, 17. Unasukuma, ama mnachanga mnapakia kwa Probox, ama unaeleza mtu wa boda vile atabeba hiyo kitu na mnaelewana bei. Hapo ndio mtu mrefu anashawishika kununua paipu ndefu ya kubeba siti, ile inaingia ndani ya fremu, ndio apande akiwa amekalia. Usivute hiyo paipu kupita ile alama ya mwisho. Mguu mrefu, uzito, paipu imebaki kidogo ndani, fremu inapasuka pale juu paipu zinapokutana, na nimeziona kadhaa zikiuzwa zimepakwa rangi hapo hapo. Halafu mtu anasema ni kidogo tu peleka kwa welda. Alumini ya fremu, nyingi ni 6061, ikishachomelewa inahitaji kupashwa joto tena kwa utaratibu wake ndio irudishe nguvu, na welda wa geti na madirisha hana hiyo tanuri. Ukipata ufa kwa shingo, karibu na krenki ama pale shoki inashikilia, rudisha. Kama kupanda ukikalia ni lazima kila wikendi, nunua enduro XL, ile ya mlima ya kupanda na kushuka, na uache kubishana na daunihili.

Haya, kuna beshte yangu wa Kisumu, sentimita 193, anaendesha huko Riat na akipata gari anaenda kwa mawe ya Maragoli, amenitumia fremu mbili anataka nimchagulie. Ya kwanza ni XL ya tairi za 26, richi 430, staki 590, bei nzuri na foku ndani. Ya pili ni L ya 29, richi 470, staki 632, nyuma 445, haina foku. Ameng'ang'ana na ya kwanza sababu imeandikwa XL. Nimemwambia achukue ile L. Hiyo richi 470 bado ni fupi kwake, ndio, lakini kuna hediseti, zile beringi za shingo, za kusogeza usukani mbele milimita 5 ama hata 8, fundi anagonga zile za kawaida anaweka hizo, kisha hendobari ya kupanda 40 na atasimama vizuri. Ile XL hata uifanyie nini haifiki hapo, na foku yake ya 26 haiwezi kuhamia kwa ile ingine. Kilo 98, springi aanze na 500. Saa hii anatafuta foku ya 29 ya taji mbili, mwenye anajua iko wapi amwandikie hapo chini, lakini atume picha ya mirija, ile sehemu inapita kwa sili, na asitume za tangazo.