Mafungu 24

Nlikua mwaka wa mwisho wa sheria, naandika tasnifu kuhusu mirathi ya wanawake, na Jumamosi najitolea kwenye dawati la msaada wa kisheria. Akaja mama mmoja mjane na mabinti zake wawili, shemeji yake kachukua nyumba na kila kitu, kawaambia dini ndo inavosema, mali inarudi kwa mwanaume wa ukoo. Mi nikamwambia mama, hili tunafungua shauri mahakamani. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mi sitaki kuishtaki dini yangu."

Hilo neno lilinikaa. Yani mtu kaporwa kwa jina la Mungu, mi namsomea vifungu vya sheria tu, hofu yake hata sijaigusa.

Jioni nikaenda kwa ustadha aliyenifundisha madrasa utotoni. Nikamweleza yote, nae akaniuliza tu, "Sahaba Saad bin Rabii alikufa wapi?" Nikasema kwenye vita vya Uhud. "Na mkewe akafanya nini?" Hapo nikanyamaza, mana kisa nakijua toka mdogo: kaka wa Saad alibeba mali yote, mjane akamwendea Mtume (s.a.w) na mabinti zake wawili kulalamika, ikashuka aya ya mirathi kwenye Suratun Nisaa, Mtume akamwita yule ami akamwambia wape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, yani moja ya nane, kinachobaki ndo chako.

Mke, mabinti wawili, kaka wa marehemu. Familia ileile niliyokaa nayo asubuhi! Miaka yote nlikihifadhi kama kisa cha kusimulia, sikuwahi kukiona kama kesi, tena kesi iliyoletwa na mwanamke aliyekataa kunyamaza.

Wiki iliyofuata ustadha akaongozana na mimi mpaka kwa shemeji. Alianza kwa ukali sana, ustadha hakubishana nae, akaomba karatasi. Mali ni mafungu 24, mabinti 16, mama yao 3, wewe 5. Na hili lazima niliseme kwa haki, yule bwana alikua na chake kweli, alipoona hakuna anaemnyima hayo matano sauti ikashuka. Kisha ustadha akauliza, mahari ya huyu mama ililipwa yote? Kimya. Basi hilo ni deni la marehemu, linatoka kabla hatujagusa fungu lolote, aya yenyewe inasema baada ya wasia au deni. Kwenye tasnifu yangu nzima hilo la mahari halikuwemo, nlirudi nikaiandika upya sura ya tatu.

Zamu yangu ikawa maandishi, mana neno la mdomo kesho linakanwa, na kwenye Qurani, Suratul Baqara aya ya 282 inaamuru deni liandikwe na mashahidi wawepo. Nikaandaa makubaliano wakasaini, tukayapeleka mahakamani yakawekwa kwenye kumbukumbu. Mama aliingia pale kichwa juu, hakuna alichokua anakishtaki.

Baada ya wiki kadhaa nafika dawatini nakuta wanawake sita kwenye benchi wananisubiri, yule mama kakaa katikati yao kakunjua karatasi yake ya mafungu 24, anawaonyesha kwa kidole, "Hapa msipitwe, deni ndo linatoka kwanza."