Karatasi ya kupima floraidi, na magadi yanavyoidanganya

Visima virefu vingi vya Nakuru vina floraidi kupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ndiyo shahidi. Kipimo cha karatasi hukagua visima vingi kwa gharama ndogo. Kikikosea, watu hulaumu karatasi ilhali tatizo liko kwenye maji.

Karatasi yenyewe si kazi kubwa. Chukua ya chujio, Whatman namba 1, chora kuta za nta zenye mfereji kati yake wa kupitisha maji, kisha iweke kwenye sahani ya moto, nyuzi 120, kama dakika mbili, nta izame hadi upande wa pili. Nta hutambaa kando pia, kwa hiyo mfereji wa milimita 3 utatoka mwembamba zaidi. Geuza uangalie mgongo: ukuta wenye upenyo mweupe utavuja. Usiurefushe mfereji ovyo; ukizidisha urefu mara mbili, maji huchukua muda mara nne.

Mwishoni mwa mfereji dondosha mikrolita 2 za zirkoni (metali) iliyoungana na rangi ya zailenoli oranji katika asidi, ikauke kivulini. Doa huwa jekundu la waridi. Floraidi ikifika huinyang'anya zirkoni, na zailenoli iliyoachwa peke yake hurudi njano.

Lakini hurudi njano penye asidi tu. pH (kipimo cha uasidi, hupanda asidi ikipungua) ikipita 6 na kidogo, hugeuka nyekundu ya zambarau hata bila zirkoni. Maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yamejaa bikaboneti, yaani magadi, ambayo huimeza asidi ya doa dogo namna hiyo papo hapo. Doa la kisima chenye floraidi miligramu 5 kwa lita linaonekana jekundu, eti salama. Sijui kosa baya kuliko hilo katika kipimo hiki.

Basi tia asidi kwenye sampuli kabla haijagusa karatasi. Alkalini (uwezo wa maji kumeza asidi) ya miligramu 400 kwa lita, kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti, ni milimoli 8 za bikaboneti kwa lita. Kwa mililita 10 za maji, mikrolita 80 za asidi ya haidrokloriki ya mola 1 zinaimaliza. Ongeza 100 nyingine, pH ishuke karibu na 2. Tikisa, acha chupa wazi dakika tano gesi itoke, la sivyo viputo vitaharibu ujazo kwenye pipeti. (Maji ya Ziwa Nakuru lenyewe usiyajaribu hivi, utamaliza chupa ya asidi.)

Vipimo vya kulinganishia: gramu 2.21 za sodiamu floraidi kwa lita ni miligramu 1000 za floraidi. Ni sumu, andika hivyo kwenye chupa, nayo iwe ya plastiki. Zimua hadi miligramu 0, 0.5, 1, 1.5 na 3 kwa lita, uzifikishe kwenye pH ileile, na uzipige picha pamoja na sampuli, karatasi moja, mwanga mmoja.

Maji yaliyosafishwa kwa shabu yana mtego wake: alumini huishika floraidi, kipimo kikasoma chini. Hayo, pamoja na sampuli yoyote inayoangukia kati ya 1 na 2, yapeleke kwenye elektrodi yenye fuwele ya lanthani floraidi, kifaa cha maabara cha kupima floraidi.