Siku Tatu Valletta na Magoti ya Mama

Mara ya kwanza nilifika Valletta Jumamosi usiku na kuondoka Jumatatu alfajiri, nikiamini kwamba mji mkuu wa Malta, ambao urefu wake ni kama kilomita moja, hauwezi kunishinda kwa Jumapili nzima. Ulinishinda. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane, ambalo hasa ndilo lililonipeleka Malta, halipokei watalii siku ya Jumapili, na mahandaki ya kale ya Ħal Saflieni yalikuwa yamekwisha kukatiwa tiketi zote kwa majuma kadhaa ya mbele. Nikabaki kupanda na kushuka ngazi za mitaani mpaka mapaja yakatetemeka, kisha nikarudi nyumbani na picha nyingi za milango iliyofungwa. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, na sasa napanga kulirekebisha mwishoni mwa Aprili, baada ya Pasaka kupita. Tofauti ni kwamba safari hii sitakuwa peke yangu. Mama yangu, ambaye ana miaka 68 na magoti yanayoanza kulalamika baada ya ngazi ya kumi na tano, amesema anataka kuuona huo mji ambao simulizi zake zimemchosha masikio.

Magoti hayo yamenilazimisha kuisoma upya ramani, na nimegundua kwamba ramani ya kawaida ya Valletta humdanganya mgeni, kwa kuwa huonyesha mitaa iliyonyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu bila kuonyesha kwamba nusu ya mitaa hiyo imesimama wima. Sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1565 jeshi la Milki ya Osmani liliizingira Malta kuanzia Mei hadi Septemba, na watawa wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohane, waliokuwa wakiishi Birgu ng'ambo ya bandari, walinusurika kwa taabu kubwa. Mkuu wao, Jean de Valette, aliweka jiwe la msingi la mji mpya tarehe 28 Machi 1566 juu ya rasi ya Sciberras, na mhandisi Francesco Laparelli, aliyetumwa na Papa, alikusudia kwanza kuusawazisha mlima mzima ndipo achore mitaa yake. Hofu kwamba Waosmani wangerudi kabla kuta hazijakamilika ilifanya kazi hiyo iachwe, lakini mitaa iliyonyooka ikabaki vilevile kwenye mchoro. Kwa hiyo mistari iliyokusudiwa kupita kwenye uwanda ililazwa juu ya mgongo wa kilima, na pale ambapo mteremko ulizidi, wajenzi walichonga ngazi.

Ukishalijua hilo, mji unajipanga wenyewe mbele ya macho yako. Triq ir-Repubblika, yaani Mtaa wa Jamhuri, hupita juu ya uti wa mgongo wa rasi kutoka Lango la Mji hadi karibu na Ngome ya St Elmo, na mitaa inayokwenda sambamba nao kwa karibu, kama ule wa wafanyabiashara, nayo hutembeleka bila shida. Mitaa inayoukata ndiyo inayotumbukia kuelekea bandari mbili, Bandari Kuu upande mmoja na Marsamxett upande wa pili. Kanuni niliyojiwekea, basi, ni kwamba mama atatembea kwa miguu kwenye mgongo tu, na kila tutakaposhuka baharini tutarudi juu kwa lifti au basi. Sikuanza kwa kuorodhesha vivutio. Nilianza kwa kuipaka rangi ramani, kijani kwa mitaa tambarare na nyekundu kwa ngazi, na vivutio vingi nilivyodhani ni vya lazima vikajiondoa vyenyewe.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoamua pia mahali pa kulala. Wengi hushauri Sliema au St Julian's, ambako hoteli ni nyingi na sehemu za kula hazihesabiki, na sikatai kwamba kivuko cha kutoka Sliema ni cha kupendeza. Tatizo ni kwamba kivuko hicho hukushusha chini kabisa upande wa Marsamxett, na kutoka hapo hadi mgongoni ni mpando ambao mama angeukumbuka maisha yake yote. Tutalala ndani ya kuta, karibu na Lango la Mji, kwa sababu huko ndiko kwenye kimo cha juu na kituo kikuu cha mabasi kiko hapo nje, kando ya Chemchemi ya Triton. Onyo moja kwa anayefuata ushauri huu ni kwamba nyumba za zamani za Valletta ni nyembamba na ndefu kwenda juu, kwa hiyo chumba chenye ile roshani nzuri ya mbao iliyofunikwa huenda kiko ghorofa ya nne bila lifti. Niliwaandikia wenye nyumba watatu nikiwauliza swali moja tu, ngazi ni ngapi kutoka barabarani hadi kitandani, na aliyenijibu kwa hesabu kamili ndiye aliyepata fedha yetu.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Malta imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, tangu Desemba 2007 na hutumia euro tangu 2008. Anayehitaji viza anaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na asisubiri chini ya siku kumi na tano, akiwa na bima ya safari inayofikia euro 30,000. Soketi za umeme ni za pini tatu za mraba, urithi wa Waingereza walioondoka madarakani mwaka 1964, na mabasi hushika kushoto kwa sababu hiyo hiyo. Aprili nimeichagua kwa kuwa Julai na Agosti joto la mchana hupita nyuzi 30 na jiwe la chokaa hulirudisha usoni kama tanuri. Jambo linalohitaji umakini zaidi ni siku zenyewe. Malta ina sikukuu za umma kumi na nne kwa mwaka, na mtu mwenye siku tatu hawezi kuipoteza hata moja, kwa hiyo tutafika Jumanne jioni na kuondoka Jumamosi asubuhi, na Jumapili nimeikwepa kama deni.

Jumatano asubuhi, mara milango itakapofunguliwa, tutakuwa kwenye Kanisa Kuu. Asubuhi naisisitiza kwa sababu meli kubwa za utalii hutia nanga Bandari Kuu na kumwaga abiria wao wote wapande kuelekea jengo hilo moja, na ratiba ya meli hizo ni jambo la kuangalia mapema. Kwa nje kanisa hili, lililosanifiwa na Girolamo Cassar katika miaka ya 1570, lina sura ya ngome isiyo na makuu, na mtu anaweza kupita bila kuligeukia. Ndani ni kinyume chake. Mattia Preti alichora maisha ya Yohane Mbatizaji kwenye dari yote katika miaka ya 1660, kuta zimechongwa na kupakwa dhahabu, na sakafu ni takriban mawe 400 ya makaburi ya watawa hao, kila moja likiwa na marumaru za rangi zilizopangwa kuwa mafuvu, malaika na ngao za koo zao.

Hata hivyo, mimi narudi kwa ajili ya chumba cha pembeni, chumba cha sala ambamo umetundikwa mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608 unaoonyesha kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji. Una upana wa zaidi ya mita tano, na ndio mchoro pekee ambao msanii huyo aliutia sahihi, sahihi aliyoiandika ndani ya damu inayochuruzika kutoka shingoni mwa Yohane. Caravaggio alikuwa amekimbilia Malta baada ya kuua mtu huko Roma mwaka 1606. Shirika lilimpokea, likamfanya mwanachama wake Julai 1608, na miezi michache baadaye alikuwa amekwisha kufungwa kwa ugomvi mwingine na kutoroka gerezani. Alivuliwa uanachama Desemba ya mwaka huo huo, bila yeye kuwepo, katika chumba kile kile mbele ya mchoro wake mwenyewe. Kwa kisa hicho nimetenga saa mbili, na kuna viti vya kukalia, jambo ambalo katika ratiba yangu lina uzito sawa na mchoro.

Alhamisi ni siku ya Bandari Kuu, na nina furaha ya pekee kuiandika kwa lugha ya wenyeji, Il-Ħamis, inayofuatwa na Il-Ġimgħa. Kimalta ni tawi la Kiarabu lililokulia mikononi mwa Wasisilia na kuandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili husimama mbele ya kibao cha saa za kufungua na kuhisi kana kwamba ameitwa jina. Bahari ni baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, na ukihesabu utakutana na sitta, sebgħa na disgħa. Mama, niliyemwambia haya kwa simu, ameamua kwamba bei zote zitakazoangukia kwenye sita, saba au tisa atazijadili yeye mwenyewe.

Siku hiyo itaanzia kwenye bustani ya Upper Barrakka, ambako chini ya matao yake mizinga hupigwa saa sita mchana na tena saa kumi alasiri. Baada ya mzinga wa mchana tutashuka kwa lifti yenye kimo cha mita 58, iliyofunguliwa 2012 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1905 iliyoacha kazi 1973. Hapo chini tutavuka barabara na kupanda kivuko cha kuelekea Birgu, ambako njia ya kando ya gati ni tambarare na Ngome ya St Angelo hutazamwa vizuri kutoka kwenye meza ya mkahawa. Kurudi ni kivuko kile kile na lifti ile ile. Mtu mwenye magoti mazima angeikata siku hii vipande na kuongeza mambo matatu, nami ndivyo nilivyofanya zamani, na leo siwezi kusema hata kimoja nilichokiona siku ile Birgu.

Ħal Saflieni nimeiondoa, na uamuzi huo umeniuma. Ni makaburi ya chini ya ardhi yaliyochongwa mwambani maelfu ya miaka kabla ya Kristo na kugunduliwa mwaka 1902, na wageni wanaoruhusiwa ni themanini tu kwa siku, kumi kwa kila kundi, ili pumzi za watu zisiharibu kuta. Anayeitaka aikatie tiketi kabla hata ya kulipia ndege. Sisi Ijumaa tutakwenda Makumbusho ya Akiolojia, palepale Triq ir-Repubblika, tukamwone yule mwanamke wa udongo aliyelala, sanamu ndogo ya kutosha kwenye kiganja, iliyotoka ndani ya mahandaki hayo. Baadaye tutateremka polepole kufuata mgongo hadi St Elmo, ngome iliyoanguka tarehe 23 Juni 1565 baada ya kuwachelewesha washambuliaji kwa karibu mwezi mzima, na kurudi juu kwa basi linalozunguka kando ya kuta. Alasiri ya siku hiyo sikuiandikia kitu isipokuwa pastizzi, vile vimaandazi vya tabaka tabaka vyenye jibini au njegere ndani yake, vinavyoliwa kwa mkono vikiwa bado vinachoma vidole.

Visiwa vya Gozo na Comino na mji wa kale wa Mdina havimo, na atakayeniuliza nimekwendaje Malta bila kufika Mdina nitamwambia kwamba nimekwenda Valletta.

Limebaki suala la viatu. Kanisa Kuu haliruhusu visigino vyembamba, kwa kuwa huchimba marumaru za makaburi, na mama ana jozi moja nyeusi ya visigino hivyo ambayo ameivaa kanisani tangu nikiwa shule ya msingi. Nilimpendekezea raba. Akakaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Mwanangu, mbele ya wafu mia nne mimi siendi na raba." Kesho tunakwenda kutafuta viatu vya ngozi vya soli bapa, na ameshanitahadharisha kwamba huenda zoezi hilo likachukua siku nzima.